Buibui Aliyemsubiri Dresa

Mama aliumwa na buibui siku ya Ijumaa asubuhi, kwenye shamba la pareto juu ya Molo tulikokuwa tukiishi na kufanya kazi. Aliinua kikapu chake cha kuchumia maua, kilichokuwa kimelala bandani usiku kucha, akahisi kama amechomwa sindano kwenye kidole cha kati. Alikinyonya kidole, akacheka, akaingia kwenye mstari wake. Kufika saa sita alikuwa ameketi chini katikati ya maua, jasho linamtoka katika baridi ile, na tumbo limekaza kama ubao. Mimi nilikuwa na miaka kumi na saba na sikuwa mtu wa kupiga mayowe. Nilimfikisha nyumbani, nikarudi kukitafuta kikapu.

Buibui alikuwa bado yupo, chini ya kitako, kwenye utando wa ovyo ovyo ambao hata mtoto angeona aibu kuufuma. Nilimsukuma kwa kijiti akaingia kwenye chupa ya jemu niliyoiokota kwenye jalala la nyumba ya bwana mwenye shamba, nikafunika kwa kitambaa na kukaza uzi shingoni.

Jioni nyapara akaja. Alisimama mlangoni, hakutaka kuketi.

"Mama anasingizia tu," aliniambia. "Mimi nimekaa hapa miaka mingi. Buibui ya hapa haiumi mtu. Angalia hiyo mkono, imefura wapi?"

Mkono haukuwa umevimba, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Baba alikuwa amefariki, na kibanda tulipewa kwa sababu mama alichuma. Asiyechuma wiki nzima bila karatasi ya dresa, mistari yake ilipewa mwingine, na kibanda kikafuata mistari. Dresa ndiye aliyekuwa mtu wetu wa dawa. Alizunguka mashambani kila Alhamisi na sanduku lake la bati. Kumfuata Molo kulihitaji pasi ya kutoka shambani, na mwenye kutoa pasi alikuwa nyapara huyo huyo.

Nikamtuma dereva wa lori la maziwa amweleze dresa. Jibu lilirudi Jumamosi, dereva akilitamka kwa makini kama mtu aliyebeba mayai: "Dresa anasema usiue hiyo buibui. Ikikauka hawezi kuijua. Anataka kuangalia tumbo. Kama ni ile yenye sumu, mama ataandikiwa wiki mbili za kupumzika."

Basi nikawa mfugaji. Chupa niliiweka mbali kidogo na mafiga, maana baridi ya Molo huua hata kuku. Ndani nilitia vijiti viwili, na kila asubuhi nilidondosha tone la maji kwenye kitambaa. Siku ya pili alikuwa ameshafuma. Alining'inia kichwa chini, nami nikapata nafasi ya kumsoma: mweusi wa kahawia, miguu myembamba, tumbo la mviringo kama njegere, na chini ya tumbo doa jekundu. Buibui wa darini hawakuwa na doa. Nilipanda kwenye kigoda nikawakagua mmoja mmoja. Sikumpenda, lakini nilifurahi kumwona yu hai kila asubuhi, na nilimwambia mama kuhusu doa lile mpaka akaniomba ninyamaze.

Chakula chake hakikunisumbua. Kazi yangu ilikuwa kugeuza maua kwenye trei za waya katika banda la kukaushia, na sakafuni chini ya trei nzi hawakukosekana. Hata kuwakimbiza hakukuwa na haja. Walilala chali wakipiga miguu, nami niliwaokota kwa vidole viwili, nikawafunga kwenye kona ya leso. Jumapili alikula mmoja. Jumatatu alikula wawili, nikajiona hodari.

Jumanne asubuhi nilimkuta ameanguka. Alikuwa chali kwenye kitako cha chupa, miguu inatetemeka, inakunjika, inatetemeka tena. Nilidhani ni njaa, nikamwongezea nzi. Nilikuwa nimekwisha kukifunga kitambaa ndipo nikalitambua tetemeko lile. Nilikuwa nikiliona kila siku ya kazi kwa miaka miwili, miguuni pangu, kwenye vumbi la maua ambayo wazungu walikuwa wakiyanunua kwa sababu yanaua wadudu. Niliwatoa nzi wote. Nilimnyunyizia maji, nikamhamishia kwenye kijiti kipya. Kufika adhuhuri alikuwa amekufa.

Alhamisi dresa alimmwaga buibui kiganjani mwake. Alikuwa amekunjamana, mdogo kama punje ya pilipili manga. Dresa alimgeuza kwa njiti ya kibiriti, akamgeuza tena kwenye mwanga wa mlangoni. Nilimwambia kuhusu doa jekundu. Alinisikiliza kwa heshima, na nadhani aliniamini.

"Binti, siwezi kuandika kitu sijaona," alisema.

Aliuandika mkono kuwa mzima, kwa kuwa ulikuwa mzima, akampa mama vidonge sita vya maumivu. Ijumaa mama alirudi kwenye mistari. Alichuma akiwa amepiga magoti, kwa sababu kiuno kilikataa kunyooka, na nyapara akapita akasema mnaona sasa. Kibanda hatukunyang'anywa. Lakini kiuno hicho hakikunyooka sawasawa mpaka mvua zilizofuata, na kila asubuhi nilimwona akijishika kwenye mlango kabla ya kutoka.

Jioni ile ya Ijumaa aliniuliza, "Ulikuwa unampa nini?"

"Nzi," nikasema.

"Wa wapi?"

Mama alikuwa amechuma pareto miaka sita. Ningemjibu kweli, angeelewa kabla sijamaliza sentensi.

"Wa hapa jikoni," nikasema.

Alifikiri kidogo, akasema huenda buibui mwenyewe alikuwa mgonjwa tangu mwanzo. Akanivuta karibu, akaniambia nisijisumbue, nilikuwa nimemtunza vizuri.