Majani ya Mlonge na Gauni la Munira

Munira ni fundi cherehani, mpangaji wangu hapa Manundu, na sijaona mtu anayelichukia gauni lake mwenyewe kama yeye. Miaka miwili iliyopita alianza kusikia sauti zinazomtukana. Alipopewa vidonge hospitalini, sauti zilinyamaza, akarudi kwenye cherehani yake na wateja wakarudi. Ila vidonge vilikuja na njaa isiyoisha. Ugali wa watu wawili anaumaliza peke yake, na nusu saa haijapita anachungulia sufuria yangu. Gauni lake la kitenge alishalifumua ubavuni na kulipanua mara tatu. Mwezi wa nne kliniki wakamwambia na sukari imepanda.

"Mama Yordani," aliniambia, "hivi vidonge naviacha. Kichwa kimepona, sasa naugua mwili."

Nilimgombeza, maana mdomo wangu haujui kupumzika. Kumbe alishampigia mama yake simu.

Mama yake, Mwantumu, analima mahindi Mnyuzi. Alikuja na mfuko wa majani ya mlonge yaliyokaushwa kivulini, kwa kuwa bibi yake wa Kizigua aliyatumia kushusha sukari. Mimi sina ugomvi na mlonge, naula kama mboga. Ugomvi wangu ulikuwa na mwiko wake. Bibi huyo alimfundisha kwamba dawa ya miti haichanganywi na dawa nyingine: siku saba ni ya miti peke yake. Basi Mwantumu akavifunga vidonge kwenye pindo la kanga yake, na Munira akafurahi kama mtoto aliyeambiwa leo hakuna shule. Nami mwenye mdomo nikanyamaza. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, nikajiambia, mimi mwenye nyumba ni nani? Kwa kimya kile najilaumu mpaka leo.

Siku ya nne njaa ilipungua, Mwantumu akanitazama kwa ushindi. Siku ya sita asubuhi nilimkuta Munira amekesha, ameshona shingo ya sare ya mtoto wa shule mpaka ikaziba kabisa. Nilipomuuliza, aliniambia nipunguze sauti, walioko dirishani wanamsema. Nilichungulia, nikaona kuku tu.

Mwantumu aliishika ile sare, akaigeuza, akapitisha kidole pale shingo ilipotakiwa kuwa. Hakusubiri siku ya saba. Tulikwenda kliniki sote watatu, na mbele ya nesi Grasiana akafungua pindo la kanga na kuvimwaga vidonge mezani.

"Nimemharibu mwanangu kwa mkono wangu," akasema, akaanza kulia.

Nilidhani atasimangwa. Grasiana alimvutia kiti.

"Hujamharibu, mama. Uliogopa sukari, na sukari ni ya kuogopwa."

Akamweleza taratibu kwamba wataalamu bado wanachunguza kama vilivyomo kwenye mimea fulani vinaweza kupunguza unene na sukari vinavyoletwa na dawa hizi, na jibu la uhakika bado. Mlonge Munira aule kama mboga, kwa kiasi, na kila anachotumia wakiseme pale kliniki. Vidonge asiviache bila daktari. Daktari alimrudishia vidonge, akamwongezea cha sukari, akaahidi kwamba akitulia watajaribu dawa isiyonenepesha sana.

Sauti zilichukua wiki tatu kuondoka. Mwantumu hakurudi Mnyuzi, mahindi yake yalipaliliwa na majirani. Siku moja mchana nilimwona akimwekea Munira ugali mdogo na mboga ya mlonge, na kidonge ukingoni mwa sahani ileile.

"Na mwiko wa bibi, mama?" Munira akauliza.

"Bibi aliuweka hajakuona wewe."

Munira alikishika kile kidonge kitambo, akiviangalia vidole vyake vilivyonenepa. Akakimeza. Baada ya kula alirudi kwenye cherehani, alikokuwa anajishonea gauni jipya, na safari hii aliacha kitambaa cha ziada ubavuni tangu mwanzo.