Visanduku Vilivyokataa Kikamba

Mimi nina hasira za karibu; mwenzangu wa kazi hana. Tunatengeneza tovuti, sisi wawili, kwenye chumba kimoja hapa mjini Wote, juu ya duka la mbegu. Yeye ni dada wa kutoka Mbumbuni, na nisipomsifu nitakuwa mchoyo.

Chama cha wafugaji wa mbuzi, cha Kitui na Makueni pamoja, kilitupa kazi ya tovuti ya lugha tatu: Kiingereza, Kiswahili na Kikamba. Kikamba ndicho kilichoniuma roho, kwa sababu ya mama. Mama anafuga mbuzi huko Ikutha. Biblia ya Kikamba anaisoma mbele ya kanisa zima bila kukwama, lakini Kiingereza hajui. Mwaka uliopita jirani alimsomea karatasi ya dawa ya minyoo juu juu, mama akawanywesha mbuzi wote, na baada ya muda mbuzi kadhaa wakaharibu mimba. Wengine walisema kipimo kilizidi, wengine jicho baya la mtu. Mama akaapa hatatoa dawa tena mpaka ajisomee mwenyewe. Na mbuzi wanakonda, mbavu nje! Nilikuwa naumia jamani.

Tafsiri mwenzangu aliipeleka kwa mwethya, kile kikundi cha wamama wanaolimiana mashamba kwa zamu. Walikaa nyuma ya kanisa Mbumbuni, na sheria ikawa ile ya shambani: hakuna kwenda mbele kabla wote hawajafika. Sentensi moja iligombaniwa mpaka chai ikapoa. Mimi nilishachoka, natafuta viatu niondoke. Yeye anaandika tu, anacheka nao.

Tukaweka maneno yao kwenye tovuti. Ai! Vichwa vya habari vilikuja Kikamba, lakini ukigusa vile visanduku vinavyofunguka, ambamo maelezo yote ya karatasi za dawa yalikuwa, Kiingereza kitupu. Visanduku vilitoka kwa programu ya nyongeza tuliyoichomeka kwenye kifaa cha kupangia kurasa. Plagini ya kutafsiri, ile inayobadilisha lugha ya ukurasa, ni programu nyingine kabisa, na hakuna aliyewahi kuiambia kwamba ndani ya visanduku kuna maneno.

"Tunakili ukurasa mara tatu, tuandike kila lugha kwake, tumalize," nikasema.

"Na daktari wa mifugo akibadilisha kipimo? Wa kukumbuka kurekebisha kurasa zote ni nani, wewe?"

Ananijua huyu. Akaifungua ile programu ya nyongeza, akaisoma ndani kwa ndani, akaandika faili fupi ya kuionyesha plagini mahali maneno yalipo, hadi ndani ya kila kisanduku. Kikamba cha wale wamama kikatokea. Nilipiga meza kwa furaha, kikombe kikaanguka.

Kumbe bado. Kwenye kisanduku cha dawa ya minyoo kulikuwa na kibandiko kidogo chekundu, na hicho kiligoma. Maneno yake yalihifadhiwa mahali tofauti na mengine. Mwenyekiti wa chama naye alikuwa anapiga simu, anapiga tena, anataka tovuti ifunguliwe. Haki ya nani, mimi ningeifungua. Mwenzangu akamwambia kwa adabu, "Tuvumilie kidogo, mzee. Kilichobaki ni onyo." Akarudi kutafuta, akakipata, akaongeza kwenye faili yake, kisha akaniomba nimnunulie soda. Ningemnunulia kreti nzima.

Jumamosi nikaenda Ikutha. Mama alikuwa zizini, chupa ya dawa ile ile ya minyoo kwenye mfuko wa aproni. Nikafungua ukurasa, nikaanza kumsomea. Akaninyang'anya simu.

"Kwani mimi ni kipofu?"

Akasoma kwa sauti ile ya kanisani, kidole chake kinafuata maneno. Kipimo akakirudia mpaka akakishika. Halafu akafika kwenye kile kibandiko chekundu: mbuzi mwenye mimba changa asipewe dawa hii. Akasoma tena, polepole, safari hii bila sauti.

Akanirudishia simu, akaanza kuwavuta nje wale waliopandwa karibuni, mmoja mmoja kwa sikio, akawafunga kando. Nilipomsogelea nimsaidie nikaona machozi.

"Kumbe ilikuwa imeandikwa," akasema.