Ya Kushoto Yangu, ya Kulia Yako

Mama yake Mwalimu alikuwa ameapa, na mama yule akiapa ameapa. "Mimi siingii kwenye kitu cha injini moja. Mungu mwenyewe kanipa figo mbili, leo nijitundike angani na injini moja? Thubutu!"

Mwalimu alifundisha watu kuendesha gari, na siku za mapumziko alirusha ndege ndogo za klabu. Ng'ambo ya milima, mama yake mkubwa, dada pekee aliyebaki wa mama, alikuwa hoi kitandani. Kwa barabara ni siku mbili za kurushwarushwa, na mgongo wa mama usingeziweza. Kwa ndege unafika kabla chai ya chupa haijapoa. "Haya mama," akasema, "nitaitafuta ya injini mbili." Wenzake wa klabu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Yeye akaanza kuulizia bei. Anayemjua Mwalimu anajua kwamba akianza kuuliza bei, jambo limeshaamuliwa.

Aliikuta nyuma ya banda la ndege, kuukuu, rangi imebanduka, viti vimetoboka, lakini injini zake zote mbili bado zinanguruma. Peke yake asingeiweza. Akamwendea shemeji yake, kaka wa mumewe, mwenye bucha, ambaye naye alikuwa rubani na alitaka kupelekea nyama kambi za mbali. Wakachanga, wakainunua.

"Ya kushoto yangu, ya kulia yako," Mwalimu akasema siku ya kwanza, akigonga injini kwa kiganja. Shemeji akaangua kicheko. Ulikuwa utani wa mashemeji tu, lakini ukaota mizizi. Kila mtu akawa ananunua oili ya injini yake na kuifuta kwa kitambaa chake. Fundi wa ndege akawaambia, "Jamani, hii si mbuzi mkagawana mapaja." Wakamwambia afunge nati, aache maneno.

Miezi ile Mwalimu alikuwa akijifunza kurusha injini mbili. Alifeli mtihani, akarudi, akafaulu. Ile wiki ya kufaulu akafungua mlango wa ndege, akakuta damu ya nyama imeganda kwenye kiti atakachokalia mama yake. Lo! Akaenda moja kwa moja bucha, akasimama mbele ya wateja. "Shemeji, ile ni ndege, si friji! Mchafu we!"

Shemeji akaendelea kukata nyama. Jioni akaenda bandani, akafungua plagi zote za kuwashia injini ya kulia, akaondoka nazo. Zake, si zake? Fundi aliwasihi pia wabadilishe mipira ya kupitishia oili iliyozeeka. Shemeji alishabadilisha wake zamani. Mwalimu akasema wa kwake bado mzima, na kwamba yeye hamwigi mtu. Ndege ikakaa, upande mmoja hai, upande mmoja maiti.

Ndipo ikaja simu kwamba mama mkubwa ameacha kula na anamwita mdogo wake.

Mama alikuwa ameshashika mkoba. "Twende." Mwalimu akalazimika kusema ukweli wa zile plagi. Mama akapanda gari la mafunzo na kusema, "Nipeleke bucha."

Shemeji alipowaona aliweka kisu chini. Mama hakusalimia. "Niliomba injini mbili ili moja ikichoka, nyingine inibebe. Nyie mmenunua mbili ili zigombane?"

Mwalimu akasogea mbele ya wateja. "Nimekosa kukutukana mbele za watu, shemeji. Lakini damu nayo ilikuwa damu."

"Nami nimekosa, shemeji. Kiti nitakiosha." Akavuta droo chini ya mizani, akatoa plagi zimefungwa kwenye karatasi ya nyama. "Mkimbilie Fundi, mama asichelewe."

Fundi akazirudisha, na asubuhi Mwalimu na mama wakaruka. Mama alifumba macho mpaka milima ilipoisha, na alipoyafumbua tu, mshale wa kipimo cha oili cha injini ya kushoto ukaanza kushuka. Ya kushoto! Ile aliyoifuta mpaka akajiona meno. Mwalimu alijua papo hapo ni ule mpira, na aibu ikamchoma kuliko hofu. Akaizima kabla haijajiua, akakanyaga pedali ya kulia kwa nguvu zake zote ndege isipinde. "Tulia, mama. Tunafika."

"Mimi nimetulia," mama akasema. "Wewe endesha."

Injini ya shemeji ikawavuta mpaka uwanjani.

Mama mkubwa alikuwa amekonda, amebaki macho. Alipomwona mdogo wake, midomo ikacheza. "Umechelewa."

"Nilikuwa nasubiri figo ya pili," mama akasema, akaweka kichwa chake kwenye mto ule ule wa dada yake. Mwalimu akatoka nje akalia wazi, bila kujificha.

Kisha akapiga simu. "Shemeji, injini imekufa."

"Ipi? Yangu?"

Mwalimu akafungua mdomo aseme ya kushoto, ikashindikana. "Yetu," akasema. "Mpira wa oili. Wewe ulibadilisha wako, mimi nikakataa."

"Mama je?"

"Mzima. Wanalala mto mmoja na dada yake, wanagombania shuka."

"Nampitia Fundi sasa hivi. Tunakuja kwa basi."

"Na bucha?"

Kwenye simu Mwalimu alisikia lango la chuma likishuka na kufuli ikibanwa. Bucha ile haikuwahi kufungwa mchana, hata siku ya harusi ya mwenyewe.