Gari Lisiloingiza Vumbi

Wiki iliyopita shemeji, mume wa mdogo wangu, alinipa lifti kutoka Lubumbashi mpaka Likasi tukamsalimie Papa, baba yangu. Gari lenyewe jipya, jeusi, la aina ya hao wafanyabiashara wa madini, viti vya ngozi rangi ya chai ya maziwa. Ukifunga mlango wake husikii kishindo, unasikia kama mtu ameshusha pumzi, na malori yote ya shaba yanabaki huko nje na kelele zao. Shemeji hajui kunyamaza. Akanionyesha kitufe cha kupasha kiti joto, taa za milangoni, mshono wa usukani. Mimi nikainama, nikanyanyua zulia la miguuni na kupapasa chini yake.

"Yaya, unatafuta nini kule? Pete ilianguka?" Ndivyo anavyoniita, dada mkubwa.

Nikamwambia natafuta tundu. Akacheka, kisha nikamweleza, na hakucheka tena. Nawe rafiki yangu nitakueleza, ila nakuomba nilichomwomba yeye: maneno haya yasifike masikioni mwa Papa. Ni mzee sasa, na kitu kinachompa usingizi ni kimoja tu.

Papa alikuwa dereva wa bosi mmoja wa kiwandani. Jumamosi alikwenda kuosha gari la bosi, na mara nyingine alinichukua, nikavua viatu getini kama mtu anayeingia kanisani. Alinifundisha kuliangalia. Gari la bei rahisi, alisema, limepambwa pale macho yanapofika tu. Lakini la tajiri, pitisha kidole chini ya kiti, nyuma ya kishikio, pembeni mwa zulia: kote laini, kote pameshonwa, hakuna bati linalokukata. "Gari ya kweli unaijua pale jicho haifiki." Nilipapasa, nikaona ni kweli. Harufu ya ngozi ile nilirudi nayo nyumbani kwenye mikono, na Mama akanituma kunawa kabla ya kugusa bukari, ugali wetu.

Nyumbani tulikuwa na Nkambo, mama yake Papa. Asubuhi za kiangazi, baridi ikiuma, ungemkuta ameketi karibu na mbabula ya makaa akichambua samaki wadogo wakavu wa ziwa Tshangalele, mmoja mmoja, huku akiwasengenya majirani kwa sauti ya chini. Sigara hakuwahi kuvuta, lakini kifua chake kilikuwa kimeharibika kabisa. Adui yake alikuwa vumbi. Upepo ukivuma kidogo tu, kikohozi kinamkamata, anainama mpaka kilemba kinaanguka. Ndiyo maana kila alfajiri kazi yangu ilikuwa kumwagia ua maji kabla Nkambo hajatoka. Nililalamika sana. Maji yalikuwa ya baridi, na mama mkwe wa jirani alipenda kusema tunapika udongo.

Daktari wa Likasi akasema kifua hicho kikaonwe Lubumbashi, na akionwa leo arudi tena mwezi ujao. Barabara wakati ule haikuwa hii ya leo. Nkambo alipandishwa nyuma ya lori juu ya magunia, akarudi mwekundu kama tofali, nyusi na kope zote udongo. Tulimkung'uta kwa taulo, naye akakohoa siku nzima. Papa alisimama mlangoni akimtazama. Nilimwona akilia, na sikuwa nimejua kwamba baba analia.

Basi akanunua gari. Dogo, kuukuu, limetoka Japani kwa njia ya Zambia, usukani upande wa kulia. Ndani lilikuwa aibu. Sponji imetokeza kwenye viti, dari linaning'inia, milango haina hata mpira, na ukikaa nyuma uliona barabara ikipita chini ya miguu, kwa maana sakafu ilikuwa na tundu la kuingia sahani. Jirani yetu, fundi wa kuchomelea, aliigonga sakafu kwa mpini wa nyundo na kusikiliza.

"Hii chini imeoza. Tuchomelee kwanza, kisha utafanya mapambo."

"Ndani njo ya kwanza," Papa akajibu. "Kiangazi imeshaanza. Mama hatakaa ku bati, atakaa ku kiti."

Usimhukumu haraka. Mtu aliyekaa miaka ndani ya gari la bosi hawezi kumpeleka mama yake mjini kama gunia. Kila jioni akitoka kazini alivua shati na kuingia ndani ya kile kigari. Akashona viti kwa ngozi bandia, rangi ileile ya viti vya bosi. Akabandika mipira milangoni, akaziba kila ufa kwa vipande vya blanketi na gundi. Juu ya lile tundu akaweka kipande cha bati, juu ya bati akabandika zulia la moketi nyekundu kuanzia mbele mpaka chini ya kiti cha nyuma. Wakati hajamaliza, mtaa mzima ulikuwa umeshakuja kuketi. Walivua viatu. Wamama wakamtania Nkambo kwamba amekuwa mke wa bosi, naye akaketi katikati ya kiti cha nyuma, mikono magotini, akasema gari hili halipandwi, linavaliwa.

Tuliondoka asubuhi, vioo juu kadiri vilivyokubali. Mimi na Nkambo tulikaa nyuma. Mama alibaki na mtoto mchanga. Baada ya Buluo tukayakuta malori, na vumbi likasimama mbele yetu kama ukuta. Papa akapitisha kidole juu ya dashibodi, akakigeuza kunionyesha. Safi. Sijamwona akiwa na furaha kama ile tena, kweli kabisa.

Kichwa kilianza kunigonga. Nikasema ni gundi, Papa naye akasema ni gundi, harufu ya kitu kipya itaisha. Kisha nikatapika juu ya ngozi bandia ile mpya. Akasimama, akanifuta, akanisema, akanihamishia mbele penye kioo kilichokataa kufika juu. Pale pengo lilibaki la upana wa vidole, naye alikuwa amelijaza kitambaa. Nikakitoa nikaweka mdomo pale. "Rudisha," akasema, "vumbi itamuingilia Nkambo." Nikarudisha; akitazama barabara, nikakitoa tena.

Nkambo alikuwa amelala upande, kichwa chini kwenye kona ya kiti, karibu na moketi. Alikuwa akikohoa tangu Likasi. Sasa akanyamaza.

Papa akamtazama kwenye kioo cha kati. "Sikia," akaninong'oneza. "Iko nalala. Kikohozi imetulia." Akapunguza mwendo asije akamwamsha, akayakwepa mashimo moja baada ya jingine kama anayebeba mayai. Tulichelewa sana kufika. Mlangoni pa hospitali akafungua mlango wa nyuma taratibu, akaita, "Mama. Mama, tumefika." Mwili bado ulikuwa na joto. Kwenye mavazi yake hapakuwa na vumbi.

Daktari alisema moyo, alisema kifua, alisema uzee. Nani angeuliza habari za gari? Kwenye kilio Papa alimwambia kila aliyekuja kwamba mama yake aliondoka usingizini, juu ya kiti kizuri, bila kukohoa. Watu walisema ni neema.

Miezi ikapita, Papa akamwachia fundi gari achomelee ile sakafu. Papa alikuwa kazini fundi alipotuita. Alikuwa ameing'oa moketi. Upande wa juu nyekundu, upande wa chini, pale nyuma, nyeusi tititi kwa masizi. Kile kipande cha bati kilikuwa kimesogea, na chini ya tundu bomba la moshi limepasuka. Alituonyesha kwa kidole. Moshi ule, alisema, hata hauna haja ya kunuka, unaua mtu akiwa amelala. Na gari lingekuwa na nyufa zake za zamani, moshi ungetoka.

Mama akanitazama mimi, akamtazama fundi. "Hii maneno ifie hapa." Fundi akaiosha moketi mwenyewe kwa sabuni ya unga, akachomelea, akamwambia Papa kazi imekwisha. Baadaye alihamia Kolwezi na hatukusikia habari zake. Mama amekwenda nayo kaburini.

Ua ule umefunikwa saruji sasa, hakuna anayeumwagia maji. Kampuni ya bosi imefungwa. Wale samaki wanauzwa kwenye mifuko ya plastiki, tayari wamechambuliwa, na sijui wanawake wanasengenya saa ngapi. Nilikichukia kikohozi kile asubuhi, kilikuwa kinaniamsha. Leo ningeamka mara mia.

Tulipofika, Papa alitoka na fimbo yake. Alilizunguka gari la shemeji, akainama kwa shida, akapitisha kidole chini ya kiti, akatikisa kichwa kukubali.

"Hii muzuri. Lakini miye pia nilikuwa na yangu. Mama yangu alilala ndani yake mpaka Lubumbashi, vumbi haikumugusa. Muulize huyu."

Nikamtazama shemeji, yule asiyejua kunyamaza.

"Yaya alinielezea, Papa," akasema. "Vumbi hata kidogo."

Papa akafurahi. Akaomba akae ndani kidogo, kiti cha nyuma, aone. Akaketi, akaegemea, akafumba macho, na mlango ukajifunga ule mfungo wake wa upole. Nikazunguka upande wa pili, nikafungua mlango na kuushikilia.

"Funga, mutoto," akasema bila kufumbua macho. "Vumbi itaingia."

Sikuufunga.