Raha Aliyomwandikia Jirani

Mume wangu, Mwalimu Mbarak, ni mtu wa kuandika. Tangu astaafu ualimu hapa Msambweni, huu mwaka wa tisa, kila Ijumaa ana safu yake katika gazeti moja la wiki, na humo huwaambia watu namna ya kuishi. Ameshaandika juu ya vijana wasiowaamkia wazee, juu ya matajiri wa Diani na kuta zao, juu ya watu wenye magari mawili na nyuso zilizokunjamana. Watu wanampenda. Akipita Kona ya Musa husimamishwa na asiowajua, wakamwambia, Mwalimu, umesema kweli tupu. Hurudi nyumbani kifua mbele, na kwa siku mbili haambiliki.

Mimi ndiye nimchapiaye. Macho yake hayaoni tena herufi ndogo za simu, kwa hiyo yeye huketi akasema, nami nikabonyeza kwa kidole kimoja. Basi katika haya ninayoyasimulia sehemu yangu imo, na sitaki kujitoa.

Wiki ile aliandika juu ya furaha. Alisema furaha haina haja na vitu, na kwamba wanyonge wanaijua kuliko wakubwa. Akatoa mfano. "Mtaani kwetu yuko mkwezi mmoja," alisema, nami nikachapa. "Hana kanzu ya pili wala paa lisilovuja. Lakini msikilizeni akiwa juu ya mnazi. Anaimba. Na chini yake mwenye hoteli anameza vidonge apate usingizi. Nani kati yao ni maskini?"

Hapo nilisita. Mkwezi mtaani kwetu ni mmoja tu, naye ni Mwero, nyumba ya tatu kutoka yetu, rafiki wa Mwalimu tangu walipokuwa watoto. Mahoteli humwita aangue nazi zisije zikawaangukia wageni. Nikamwambia Mwalimu kwamba mtu huyu atajulikana. Akanijibu kwamba hakumtaja jina, tena anamsifu, na nani amewahi kukasirika kwa kusifiwa? Maneno yalikuwa matamu, Mungu anisamehe, yakanipendeza hata mimi. Nikatuma.

Hiyo ilikuwa Jumanne. Alhamisi mke wa Mwero alikuja kwetu anacheka peke yake. Wazee wa kijana Rai, karani katika ofisi za serikali Matuga, walikuwa wameleta habari kwamba Jumapili wanakuja kumposa binti yao Zainabu. Alinitaka nikasaidie kupika, na alimtaka Mwalimu awe msomaji wa barua ya posa, kwa kuwa hapa kwetu barua hiyo husomwa mbele ya watu, na sauti yake inajulikana. Nilimpongeza, nikamkumbatia, huku nikiikumbuka safu ya kesho yake.

Nilimwambia Mwalimu apige simu gazetini, ile sehemu ya mkwezi itolewe. Akasema gazeti limeshachapwa na mimi napenda kujitia hofu. Nilikuwa nayo kweli. Watu wa Matuga ni watu wa ofisini, na gazeti lile halikosi kwenye meza za ofisini. Je, wakisoma kwamba mkwe wao mtarajiwa hana kanzu ya pili? Posa zimevunjika kwa madogo kuliko hayo.

Ijumaa likatoka. Kufikia alasiri Mwero mwenyewe alikuwa ameshajua. Nereah, msichana wa bara anayepokea wageni katika hoteli moja Diani, alimwonyesha kwenye simu akamwambia, "Mzee Mwero, uko kwa gazeti, si ni wewe huyu?" Akapigwa picha na wapishi. Jioni alipita mbele ya nyumba yetu. Mwalimu alimwita kwa furaha, akitazamia kushukuriwa. Mwero aliitikia salamu kamili, moja baada ya nyingine, bila kupunguza hata neno, na hakuingia. Usiku ule sikupata usingizi, wala sina hoteli.

Jumapili tulipika pilau ya watu ishirini. Mikeka ilitandikwa na wazee wa mtaa wakaketi. Mwero alikuwa amevaa kanzu mpya, nyeupe hata inaumiza macho. Sikuuliza aliipata wapi. Saa nne ikapita, saa tano ikapita. Mama Zainabu aliinua mfuniko wa sufuria mara nyingi mno, na kila mara alinitazama, nami nikatazama kuni. Zainabu alikuwa chumbani na wenzake, na hatukusikia kicheko.

Karibu na adhuhuri wakaja, watu wawili. Mzee Mbwana, ami yake Rai, na kijana mmoja wa kumwendeshea gari. Nilijiambia labda wengine wako nyuma. Hawakuwa nyuma. Mzee Mbwana alikuwa mpole, mtu wa tabasamu, akatoa bahasha, nayo ikapewa Mwalimu. Mimi nilisimama nyuma ya pazia na wanawake wengine.

Mwalimu alianza vizuri, bismillahi, salamu, majina ya pande zote mbili. Kisha akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Ile miwani ya kusomea ilikuwa mpya na haikuwa na doa. Nikajua kuna jambo ndani ya karatasi.

Akaruka mistari. Nilimsikia akiruka, kwa maana baada ya majina alifika moja kwa moja kwenye dua ya kufunga. Mzee Mbwana akainua uso, akashangaa kidogo.

"Mwalimu," Mwero alisema taratibu, "soma kilichoandikwa."

Akasoma. Ilisema: "Na kwa kuwa tumesoma gazetini, tukafurahi sana, kwamba furaha yenu haina haja na vitu, tumeona tusiwataabishe kwa wazee wengi, wala zawadi za mkaja wa mama na kilemba cha baba. Ndoa ifungwe Ijumaa ijayo, kwa watu wachache, bila shughuli."

Nilimshika Mama Zainabu mkono, nao ulikuwa baridi na una maji ya mchele. Nilitamani ardhi inimeze, na Mwalimu nyuma yangu.

Mwero hakupandisha sauti. "Mzee Mbwana, karibu sana nyumbani. Hayo ya gazetini aliyaandika rafiki yangu, na hakuniuliza. Mimi nikiwa juu ya mnazi naimba kwa sababu naogopa. Mwaka wa thelathini na moja nakwea, na nikipita nusu miguu inanitetemeka. Nikiimba, mama Zainabu aliye chini anajua kwamba bado nimeshika. Sasa mtu asije akaniambia nina raha isiyotaka kitu. Nataka wazee waje. Nataka mkaja wa mke wangu na kilemba changu. Nataka binti yangu aolewe watu wajue, kama mabinti wa watu."

Nadhani Mzee Mbwana ni mtu mwema, aliyeamini alichosoma. Alinyoosha mkono, akaichukua barua kutoka kwa Mwalimu, akaikunja. Akasema barua hii haikusomwa, na kwamba Jumapili ya pili wataleta nyingine, na watu wa kuileta. Kisha akaomba chakula kama kawaida, na wanawake wakapumua. Zainabu alilia chumbani, lakini kilikuwa kilio cha kutua mzigo.

Tulipokuwa tukirudi nyumbani Mwalimu alitembea mbele yangu, mikono mgongoni. Nilingoja aseme amekosa. Alichosema ni kwamba Mwero amezidisha kidogo, kwamba mkaja na kilemba ni mambo ya kujionyesha, na angeweza kuwapa watu mfano mzuri.

Nikamuuliza kuhusu posa ya binti yetu Yusra. Watu wa Lunga Lunga walikuja watano, naye akasema amedharauliwa, akawarudisha hata maji hawajanywa, mpaka walipokuja kumi na wawili na kilemba cha hariri.

"Lakini Yusra ni binti wa mwalimu," akasema.

Kisha akasimama katikati ya njia, kwa maana na yeye aliyasikia maneno yake mwenyewe.