Mchicha wa Koleta Hauuzwi Bila Salamu

Koleta, muuza mboga wa mtaa wa Chemchem, hana mzaha na salamu. Mteja akimjia na "bei gani" mdomoni, yeye hutazama pembeni na kuendelea kunyunyizia mchicha maji, kama vile hakuna mtu mbele yake.

Hivyo ndivyo alivyomfanyia Bhumika, mke wa Darshan mwenye duka la vitenge. Bibi harusi huyo aliletwa kutoka India mwezi wa tano, na Kiswahili chake chote kilikuwa kuuliza bei. Mama mkwe wake, Bachubai, alishakata shauri: ifikapo sikukuu ya Diwali kama bado hajui kuzungumza na wateja, kaunta aisahau, kazi yake jikoni. Kwao Bhumika aliuza nguo tangu utoto, na jambo hilo lilimliza.

Majirani wa genge walimwambia Koleta anajichosha bure kumfundisha mgeni salamu. Hawakujua kuwa yeye mwenyewe aliingia mjini na Kinyamwezi kitupu, akachekwa sokoni mpaka akatamani kurudi kwao. Basi yeye hakumcheka binti wa watu. Kila asubuhi alimwanzisha upya: umeamkaje, nyumbani hawajambo, mgonjwa anaendeleaje. Bhumika alikosea, akarudia, akakosea tena. Siku nyingine alirudi bila mboga, na Bachubai akanuna kutwa. Lakini haba na haba hujaza kibaba. Mwezi wa tisa walikuwa wakipiga soga hadi wateja wengine wanalalamika.

Siku mbili kabla ya Diwali, Bachubai alimsimamisha kaunta, naye akaketi nyuma kusikiliza. Wa kwanza kuingia alikuwa Koleta, mbio mbio, mawingu yamefunga na genge kaliacha wazi.

"Kile kitenge cha kijani bei gani?"

Bhumika akatazama pembeni. Akakunja khanga taratibu, akachukua nyingine, akakunja. Koleta alimkodolea macho, huku matone ya kwanza yakigonga bati. Ilipomwingia akilini, alicheka mpaka akaishika kaunta.

"Haya, mwanangu. Umeamkaje?"

"Salama, mama. Shikamoo. Nyumbani hawajambo? Mwanao Sixbert amepona homa?"

Koleta aliitikia marahaba. Mvua ikamwagika, na hakuna aliyekumbuka genge.

Bachubai aliinuka kitini, akaenda jikoni mwenyewe kuwachemshia chai.