Baba Alipokwenda Kukikagua Chuo

Mdogo wangu wa mwisho alipochaguliwa kujiunga na chuo cha serikali mjini Arusha, kusomea stashahada ya uhandisi wa maji na umwagiliaji, baba hakushangilia wala hakukataa. Alisema atakwenda kukiona kwanza.

"Kukiona nini?" mama akamuuliza.

"Hicho chuo. Siwezi kumpeleka mtoto mahali nisipopajua."

Kwetu ni upande wa magharibi wa Mlima Meru, huko juu ambako tunalima mahindi na maharage na kufuga ng'ombe kwenye ardhi inayozidi kuwa finyu. Miaka ya ukame, kabla mifugo haijahamishwa, mtu mmoja hutangulia kwenda kuyaangalia malisho. Haangalii majani tu. Anaonja maji, anauliza nani alilisha pale kabla, kama kuna kupe, kama wenyeji wana ugomvi. Akirudi na kusema hapafai, hakuna anayehama. Baba amekuwa mtu huyo tangu ujana wake, na hakuona kwa nini binti yake apelekwe kwa uangalifu mdogo kuliko ng'ombe.

Jambo lenyewe lilikuwa ni mtamba. Kila mtu alituambia ada ya chuo cha serikali ni nafuu, na kweli ni nafuu ukiilinganisha na vyuo vya watu binafsi. Lakini ada haiji peke yake. Maelekezo ya kujiunga yalitaka pia hosteli, bima ya afya, ovaroli, viatu vya kazi, kofia ngumu, kikokotoo, godoro na ndoo. Mkopo ungeweza kuombwa, ila majibu yangekuja masomo yakiwa yameshaanza. Zizini palikuwa na mnyama mmoja tu wa kutosha kuyabeba yote hayo: mtamba mwenye mimba yake ya kwanza, wa nyumba ya mama. Mama alikuwa ameshamtoa moyoni. Hata hivyo, kwetu ng'ombe hatoki bomani mpaka mwenye boma aseme atoke. Mnada ulikuwa Alhamisi, usajili ulifungwa Ijumaa, na asiyeripoti nafasi yake hupewa mwingine.

Mimi niliitwa niwe mwenyeji wa baba mjini. Niliacha shule nikiwa kidato cha pili, na tangu hapo nimekata maua kwenye mashamba ya Usa River, nimebeba mizigo ya wageni wanaopanda Meru, nimechimba misingi ya nyumba Engutoto. Kila kazi nilikaa nayo mpaka nikaelewa inavyokwenda, kisha miguu ikaanza kuniwasha. Wakati huo nilikuwa nimepanga chumba Kijenge. Ukuta wa chuo kile nilikuwa nimeupita mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka, na siku zote nilidhani mle ndani mna ofisi tu, watu wanapiga mihuri.

Tulikutana getini Jumatano asubuhi. Baba alikuwa amevaa koti lake la kanisani juu ya shuka, fimbo mkononi, na begani ananing'iniza kibuyu cha maziwa mgando.

"Baba, na hicho kibuyu?"

"Utakwenda kumwombea mtoto mahali ukiwa mikono mitupu? Ero, kijana, mji umekuharibu."

Mlinzi alikuwa kijana wa kwetu. Alimwamkia baba kwa Kimaasai, wakaulizana habari za mvua, za ng'ombe, za watoto, na za mvua tena. Baada ya hapo akasema, kwa adabu, kwamba fimbo inabaki getini.

"Na mbwa wenu wakinijia?"

"Hatuna mbwa, mzee."

"Mahali pakubwa hivi hapana mbwa?" Baba akanitazama kama mtu aliyekwisha kupata dosari ya kwanza.

Ukaguzi ukaanza. Alikinga maji ya bomba kwa kiganja, akayazungusha mdomoni, akatema, akasema yanafaa. Aliutazama ukuta wa hosteli ya wasichana kwa muda mrefu, akausukuma kwa mkono kama anavyousukuma uzio wa miiba. Kwenye bwalo alimwuliza mama mpishi kama watoto wanashiba.

"Wanaolipia wanashiba, baba yangu."

"Na wasiolipia?"

"Hao wana marafiki."

Jibu hilo lilimpendeza. Mimi sikuwa nasikiliza tena. Nilikuwa nachungulia madirishani. Chumba kimoja kilikuwa na meza zilizoinama, na juu ya kila meza mchoro wa daraja, mistari myembamba kama nywele. Kwenye chumba kingine mashine iliubana mchemraba wa zege mpaka ukapasuka kwa kishindo, na wanafunzi, badala ya kukimbia, wakaandika. Nimechanganya zege maisha yangu yote ya ujenzi. Sikuwahi kujua kuna watu kazi yao ni kulivunja ili kujua lilikuwa na nguvu kiasi gani. Nilisimama pale mpaka baba akaniita.

Ofisi ya udahili ilikuwa na dirisha, na nyuma ya dirisha mama mmoja wa makamo mwenye miwani. Alimkaribisha baba vizuri, akamweleza kila kitu bila haraka: alama za fizikia na hisabati zilizomwingiza binti yake, miaka mitatu ya masomo, ada inayoruhusiwa kulipwa kwa awamu.

"Nimekuelewa," baba akasema. "Sasa fedha nampa nani?"

"Humpi mtu, mzee wangu. Unapewa namba ya malipo, unalipia benki au kwa simu."

"Benki haimfundishi mtoto wangu. Nataka nimwone uso anayepokea."

"Hakuna anayepokea."

"Na mtoto asipofundishwa, nikirudi hapa nimkamate nani?"

Mama yule akacheka, akasema amkamate yeye. Baba naye akatabasamu, na nikaona mambo yanakwenda vizuri. Ndipo akakishusha kibuyu na kukiweka kwenye kizingiti cha dirisha.

"Haya ni ya nyumbani. Mtoto wenu atakuja."

Uso wa yule mama ukabadilika. Aliangalia huku na huku, akakirudisha kibuyu taratibu kwa ncha za vidole. "Mzee wangu, nakushukuru sana. Siwezi kupokea. Hapa hatupokei kitu chochote." Akaonyesha bango lililobandikwa ukutani kuhusu rushwa.

Baba hajui kusoma. Nilipomweleza bango linasema nini, alikirudisha kibuyu begani. Kwetu mtu akikataa maziwa yako amekuambia kwamba hataki kuwa jamaa yako. Sikujua nimweleze vipi kwamba mama yule alikuwa anailinda nafasi ya mdogo wangu, kwamba nafasi isiyonunuliwa hata kwa maziwa ndiyo isiyoweza kuchukuliwa na mwenye ng'ombe wengi zaidi. Nilijaribu. Maneno yalitoka vibaya.

"Twende," akasema. "Nimeshaona."

Nilijua maana yake. Angefika nyumbani aseme hapafai, na mtamba angebaki zizini. Tukaelekea getini, yeye mbele, mimi nyuma nikitafuta la kusema.

Njia ya kurudi ilipita kando ya karakana ndefu yenye mlango wazi, na humo ndani kulikuwa na sauti ya maji mengi. Baba alipunguza mwendo. Mtu aliyekulia kwenye mifereji hawezi kupita sauti ya maji bila kugeuza kichwa. Msichana mmoja aliyevaa ovaroli ya bluu, amekaa mlangoni akifunga kamba za viatu, akamwona.

"Shikamoo baba! Hayo ni maziwa?"

"Marahaba. Ni maziwa. Lakini hapa hamnywi maziwa, nimeambiwa."

"Nani kasema?"

"Ofisini."

"Baba, ile ni ofisi. Sisi siyo ofisi, sisi tuna njaa."

Wenzake wakatoka, wakacheka, wakamwamkia mmoja mmoja. Lafudhi zao zilikuwa za kila mahali, wa Moshi, wa kanda ya ziwa, na mmoja wa Dar aliyeogopa harufu ya kibuyu kilichofukizwa moshi. Baba akamimina kwenye kifuniko, na kifuniko kikazunguka. Yule wa Dar alifumba macho, akanywa, akafumbua, akaomba tena.

"Umeona?" msichana wa kwanza akamwambia. "Jana uliniambia huli kitu kisichotoka kiwandani."

Mwalimu wao alitoka kuona kelele ni za nini. Alikuwa mwanamke mwenye mikono iliyoloa mpaka viwikoni. Aliposikia kwamba mzee amekuja kukiona chuo cha binti yake, alisema, "Basi hujakiona bado. Ingia."

Mle ndani palikuwa na mfereji wa vioo. Sijui niuite nini kingine. Ulikuwa mrefu kama nyumba, umeinuliwa juu ya vyuma mpaka usawa wa kifua, na maji yakipita ndani yake huku unayaona ubavuni, toka chini mpaka juu. Maisha yangu yote nimeyaona maji kwa juu tu. Mwalimu akakishusha kilango cha chuma, na maji yakatoka chini yake membamba, yanang'aa, yanakimbia kama yamefukuzwa. Kisha, katikati ya njia, pasipo jiwe wala kizuizi, yakasimama. Yakapanda juu yenyewe, yakajikunja, yakatoa povu, na mbele ya povu yakaendelea taratibu, mazito, marefu, kana kwamba ni maji mengine.

 Wanafunzi walikuwa wameliona jambo hilo mara nyingi, na bado walilitazama. Mimi nilijisikia kama siku ile nilipofika kilele cha Meru na mizigo ya watu mgongoni, mawingu yakawa chini ya miguu yangu.

"Nani anayasukuma?" baba akauliza.

"Hakuna. Tunauita mruko wa maji. Weka mkono, baba."

Akavua koti, akanipa. Akaingiza mkono kwanza kwenye maji membamba, na yakamrukia usoni, wanafunzi wakapiga kelele za furaha. Akauingiza tena mbele ya povu, akauacha humo.

"Haya yamechoka," akasema polepole. "Yale ya kwanza yana hasira. Hapa katikati ndipo yanapoimalizia."

"Na hasira hiyo inachimba," mwalimu akasema.

Baba akageuka. Mferejini kwetu, chini ya kilango kinachogawa maji, kuna shimo linalorudi kila masika. Kila mwaka wazee wanajaza mawe, na kila mwaka maji yanayabeba. Alimweleza mwalimu habari hiyo yote kwa mikono, na mwalimu akamsikiliza, akamwuliza maji hufika wapi mguuni na kilango kina upana gani. Akasema sehemu ya mruko inaweza kukokotolewa, na pale ndipo pa kujengea sakafu ya mawe. Sisi tulikuwa tunayaweka karibu mno na kilango.

"Babu yangu aliyaweka hapo hapo," baba akasema, bila aibu, kama mtu aliyeonyeshwa njia ya mkato. "Na huyu wangu atafundishwa hili?"

"Mwaka wa pili. Lakini lazima kwanza avuke hisabati za mwaka wa kwanza."

"Asipovuka?"

"Anasapu, anarudia mtihani," yule wa Dar akadakia. "Akizidi kufeli, anadisko."

"Anacheza?"

Karakana nzima ikaangua kicheko. "Anafukuzwa, baba!"

"Na wewe umesapu?"

"Huyo? Masomo mawili!" wenzake wakajibu kwa niaba yake, na baba akacheka mpaka akajifuta macho.

Nilimsindikiza nyumbani, tukapanda mlima kwa miguu. Njia nzima baba alikuwa ananiuliza kwa nini maji yapande bila kusukumwa. Nilimjibu hivi, nikamjibu vile, kila jibu akalivunja, mpaka nikakubali kwamba sijui. Kuhusu mtamba hakusema neno, nami sikuthubutu kuuliza. Nilikuwa nawaza kwamba vitu vile vyote, vioo na mashine na michoro, ni vya serikali, maana yake ni vyetu, na kwamba vilikuwa nyuma ya ukuta ule miaka yote niliyopita nje nikiwa na koleo begani.

Nyumbani tulimkuta mdogo wangu akikata majani ya ng'ombe. Alituamkia, akaendelea kukata. Mama alitupa chai. Baba alikunywa yote, akakung'uta kikombe.

"Kule kuna maji yanapanda yenyewe," akamwambia binti yake. "Kaka yako nimemwuliza njia nzima, hajui kitu. Mwalimu anasema kulielewa ni mpaka mwaka wa pili. Kwa hiyo ukienda, hisabati za mwanzo usizifanye kwa haraka. Kuna mmoja kule amesapu masomo mawili."

Mdogo wangu aliweka mundu chini.

"Nikienda?"

"Nimesemaje?"

 Mdogo wangu alikuwa amejifunika uso kwa viganja vyenye majani. Mama aliinuka, akatoka, na muda si mrefu tukamsikia zizini akiongea na mtamba kwa sauti ya chini, kama mtu anavyoongea na mgeni atakayeondoka kesho asubuhi.